Mkanda wa bega la kulia: kisa cha nakala moja ya Madame X

Mama aliyeniletea kazi hii anashona magauni ya harusi. Aliingia karakanani simu mkononi, akanionyesha picha mbili za mwanamke yuleyule. Ya kwanza ilikuwa ya rangi: mwanamke mweupe kama chokaa ndani ya gauni jeusi, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, kifua kimetukabili, uso umegeuzwa pembeni kabisa. Ya pili ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi. Pozi lilelile, gauni lilelile, ila mkanda wa bega la kulia umeteleza ukalala juu ya mkono.

“Nataka hii, fundi,” alisema, kidole juu ya ile ya zamani. “Hii ndiyo yenyewe. Hiyo ya rangi wameiharibu.”

Nakala za rangi za mafuta ndiyo kazi inayonilisha, na nyingi ninazoagizwa ni za picha za namna hii: mabibi na mabwana wa tabaka la juu wa Ulaya na Marekani, waliosimama kuchorwa wakiwa na hariri zao, lulu zao na mbwa wao. Mteja huleta picha, tunakubaliana ukubwa na bei, nachora. Safari hii niliombwa nakala ya kitu ambacho hakipo tena mahali popote duniani. Nimeona nikiandike kisa chenyewe kwa kirefu, maana swali la mkanda mmoja lilinikalisha chini nijiulize mnakili ananakili nini hasa.

Mchoraji wa picha hiyo ni John Singer Sargent, aliyezaliwa Florence mwaka 1856 kwa wazazi Wamarekani, akajifunza kazi Paris kwa mchoraji Carolus-Duran. Mwanamke ni Virginie Amélie Avegno Gautreau, mzaliwa wa New Orleans mwaka 1859. Baba yake aliuawa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwenye mapigano ya Shiloh ya mwaka 1862. Mama yake akamhamishia Paris angali mtoto, huko akaolewa na mtu mwenye fedha, akawa mwanamke ambaye akiingia ukumbini shingo zinageuka. Hakumwagiza Sargent amchore. Sargent ndiye aliyemtaka, akapitia kwa rafiki ili akubaliwe. Hili si jambo dogo. Picha za watu wa tabaka lile kwa kawaida zililipiwa na mwenye kuchorwa au mumewe, na mwenye kulipa ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mkanda ukae wapi. Hapa hakuna aliyelipa. Kijana wa miaka 27 alikuwa anachora kwa ajili ya jina lake mwenyewe, na kila uamuzi uliomo kwenye turubai lile ni wake.

Mwaka 1883 alimfuata mpaka kwenye nyumba yao ya mashambani kule Brittany. Akamchora kwa penseli, kwa rangi za maji, ameketi, ameegemea kochi, ameinua glasi. Barua zake za wakati ule zinalalamika kwamba bibi huyu ni mvivu wa kukaa pozi na kwamba uzuri wake hauchoreki. Mei 1884 picha kubwa ilitundikwa kwenye maonyesho ya Salon jijini Paris, jina la mwanamke limefichwa kwa nyota tatu: Portrait de Mme ***. Hakuna aliyedanganyika. Poda ile, pua ile. Walimjua palepale, na kelele zikaanza. Mkanda umeanguka. Ngozi ina rangi ya maiti. Mke wa mtu anasimamaje hivi mbele za watu? Mama wa Gautreau alikwenda kwa Sargent akilia, akimsihi aiondoe. Sargent alikataa, akasema amemchora kama alivyovaa.

Kisha maonyesho yakaisha, turubai likarudi kwake, akafuta mkanda ulioanguka na kuchora mwingine uliokaa sawasawa begani.

“Kwa hiyo, Mama,” nilimwambia, “aliyeibadilisha ni mwenyewe.”

Alinyamaza kidogo. “Kwa kuogopa watu?”

“Kwa kuwaogopa au kwa kuwachoka.”

“Basi mimi siwaogopi. Nichoree ile ya mwanzo.”

Mambo ya ofisini yalikwisha upesi. Sargent alifariki mwaka 1925, hakimiliki ilishaisha zamani. Turubai lenyewe alikaa nalo zaidi ya miaka 30, mpaka mwaka 1916 alipoliuza kwa Metropolitan Museum of Art ya New York kwa pauni 1,000, akamwandikia mkurugenzi kwamba anadhani ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya, na akaomba jina la mwanamke lisitajwe. Hapo ndipo lilipotoka jina la Madame X. Tangu mwaka 2017 makumbusho hayo yanatoa bure kwenye intaneti picha za ubora mkubwa za kazi zisizo na hakimiliki, kwa hiyo naweza kuikuza mpaka nione brashi ilipoinuka. Sahihi siigizi. Kwenye picha ya New York jina la Sargent na mwaka 1884 vipo chini. Kwenye nakala yangu pale pana rangi ya sakafu tu.

Ukubwa nao tuliumaliza kwa futikamba. Picha yenyewe ina urefu wa sentimita 208.6 na upana wa 109.9, yaani mwanamke anakaribia kimo chake halisi. Ukuta wa duka lake haukubali. Tukachukua nusu kwa kila upande, 104 kwa 55, ambayo ni robo tu ya eneo. Hata kama ukuta ungekubali, nisingechora kipimo kamili. Makumbusho ya Louvre ya Paris, wanaoruhusu wachoraji kunakili mbele ya picha zenyewe, wanamtaka mnakili abadilishe ukubwa ili nakala isije ikapita sokoni kama picha halisi, nami naona ni utaratibu wa haki.

Alikuwa ameshaulizia bei kwenye duka moja la mtandaoni, na ilikuwa chini ya yangu. Sikushangaa. Kwa miaka mingi nakala nyingi zinazouzwa hivyo zimetoka Dafen, kitongoji cha Shenzhen huko China ambako Huang Jiang, mfanyabiashara aliyetoka Hong Kong, alianza mwaka 1989 na wachoraji wachache, pakakua pakawa mtaa mzima wa turubai. Siwadharau watu wa Dafen. Wapo pale wenye mikono miepesi kunishinda mimi. Lakini duka la mtandaoni huchora kile kilichopakiwa kwenye oda, na mkanda aliouomba Mama haupo kwenye picha yoyote ya rangi. Mtu angelazimika kuubuni, na asingemwambia kwamba ameubuni.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana ndio uliokula siku nyingi kuliko rangi.

Ile picha ya kamera inaonyesha mkanda ulilala wapi, lakini haionyeshi rangi, wala haionyeshi mkanda una unene gani na unapokeaje mwanga. Weusi wote wa gauni umekuwa donge moja. Shahidi wa pili ni mkanda wa kushoto, ambao Sargent hakuugusa: mwembamba, unaong’aa, wa vito, umechorwa kwa miguso michache ambayo ukiisogelea sana inageuka kuwa vidoa vya rangi tu. Vazi moja halina mikanda miwili tofauti, kwa hiyo rangi ya wa kulia niliweza kuisoma kwa mwenzake. Shahidi wa tatu ndiye aliyenivutia kuliko wote, naye yuko London.

Kule kwenye makumbusho ya sanaa ya Tate kuna turubai la pili la mwanamke yuleyule, pozi lilelile, karibu kipimo kilekile: sentimita 206.4 kwa 107.9. Ni la Sargent mwenyewe. Lile la kwanza lilikuwa limefutwa na kurudiwa mara nyingi, naye akaanza kulinakili upya mahali pasafi. Hakumaliza. Rangi ya nyuma imepakwa haraka, mkono uko nusu nusu, na bega la kulia liko tupu. Hakuna mkanda ulioanguka wala uliosimama. Turubai lilibaki kwake mpaka akafa, likaingia Tate mwaka 1925.

Nimelitazama bega lile kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Sargent alikuwa mnakili mzuri; mwaka 1879 alikwenda Madrid kunakili picha za Velázquez kwenye makumbusho ya Prado, na mwaka uliofuata Haarlem, Uholanzi, kunakili za Frans Hals. Alijua kushika mkono wa mtu mwingine. Aliponakili wa kwake, kazi ikasimama, na mojawapo ya mahali palipobaki wazi ni palepale palipokuja kuleta vurugu. Kwangu mimi mnakili, turubai la London lilikuwa ruhusa: naweza kuchora kila kitu mpaka begani, nikasimama pale aliposimama yeye, na mkanda ukaja mwisho, peke yake, nikiwa najua kwamba kuanzia hapo nachora kwa makisio.

Nikaanza. Mkaa kwanza, mstari mmoja mrefu kutoka kwenye kisogo mpaka kwenye pindo la gauni. Ukikosea mstari huo kwa upana wa kucha, mwanamke anageuka sanamu ya dukani. Kisha mstari wa uso. Picha ya New York, ukiikuza, inaonyesha alivyohangaika ukingoni mwa paji, pua na kidevu, rangi ya nyuma ikirudi tena na tena kula uso na uso ukirudi kula rangi ya nyuma. Mnakili asiye na subira huona mstari mkali akauchora kwa mkono mmoja kama anakata karatasi. Lakini ukali ule umetokana na kurudiwa, si kukatwa. Niliupata nilipoacha kuchora uso na kuanza kuchora ukuta ulio mbele ya uso.

Ukuta wenyewe una kisa. Sargent alimwandikia rafiki yake kwamba rangi ya nyuma ilikuwa nzito na ya huzuni, akaipitishia waridi hafifu juu, akaigeuza picha juu chini na kwenda kuitazama kutoka mwisho mwingine wa chumba, akaona umbo la mwanamke limenufaika. Nami niligeuza turubai langu. Juu chini huoni mwanamke, unaona pande mbili za giza na mwanga zikisukumana, na nikaona kahawia yangu imekuwa nzito mno upande wa meza. Nikaipunguza kwa kitambaa.

Ngozi ilinishinda mara ya kwanza. Nikachanganya nyeupe ya titani na waridi kidogo, nikapata mdoli wa plastiki. Wataalamu wa makumbusho ya New York wameshaichambua ngozi ile: nyeupe ya risasi, wekundu wa waridi unaotoka kwenye mizizi ya mmea, nyekundu ya zebaki, kijani baridi kiitwacho viridiani, na nyeusi ya mifupa iliyochomwa. Kijani na nyeusi ndani ya ngozi ya mwanamke mrembo! Lakini ndivyo ilivyo: ngozi hii haikuwa wazi, ilikuwa chini ya poda, na poda huua joto la damu. Nyeupe ya risasi siitumii kwa sababu ni sumu. Ile ya titani ni baridi zaidi na inaziba zaidi, kwa hiyo lazima rangi yake ipewe joto kwa kuichanganya na manjano ya udongo, halafu ipozwe kidogo kidogo kwa viridiani mpaka iwe na ule ubuluu wa mbali wa ua la lavenda.

Nilijua nimefika kwa kutazama sikio. Kwenye picha yote sikio ndilo lenye wekundu wa kweli, kwa kuwa poda haikulifikia. Weka kidole ulifunike, mwili mzima unageuka chaki. Toa kidole, mwili unarudi kuwa na damu chini yake. Nakala nyingi nilizoziona zimelipaka sikio rangi ya shavu, kwa kudhani kwamba mchoraji alizidisha, na hapo ndipo zinapokufa. Mimi sikio nililichora siku moja peke yake, sentimita mbili za kazi, nikafunga karakana.

Nikamwita Mama aje alione gauni kabla sijagusa bega. Nilihitaji jicho lake.

Alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi mbichi. “Kifua cha mahameli,” alisema, “sketi ya satini. Umezichora sawa, fundi. Mahameli inameza mwanga, satini inaurudisha. Lakini hebu niambie, hiyo mikanda inashika nini?”

Nikamwambia inashika gauni.

“Haishiki kitu.” Akanionyesha kwa kalamu ya alama jinsi ukingo wa juu wa kifua ulivyokaa mbali kidogo na mwili bila kulegea, na ncha iliyoshuka kati kati. “Gauni hili lina vijiti ndani, vimeshonewa toka hapa mpaka hapa, na limebanwa kiunoni. Linasimama lenyewe. Mimi nashona haya. Mikanda ni mapambo, ni kama mkufu. Ukiitoa yote miwili, bibi harusi anacheza mpaka asubuhi na hakuna kinachoshuka.”

Nilikuwa nimeisoma kashfa ile mara nyingi na sikuwahi kuitazama hivyo. Watu wa Paris ya mwaka 1884 waliona mkanda umeanguka wakahesabu kinachofuata. Fundi cherehani akitazama picha ileile anaona kwamba hakuna kinachofuata. Nadhani wanawake wengi waliosimama mbele ya turubai lile pale Salon walijua hivyo, kwa kuwa walikuwa wamevaa vijiti vilevile. Walioandika magazetini wengi wao walikuwa wanaume.

Tena kuna jambo la mwaka 1891 linalonithibitishia kwamba mkanda haukuwa ndio kosa lenyewe. Mchoraji mwingine, Gustave Courtois, alimchora Gautreau huyuhuyu, uso pembeni vilevile, amevaa gauni jeupe, na mkanda mmoja umeteleza begani. Picha ile iko kwenye makumbusho ya Musée d’Orsay, Paris. Haikuzua vurugu kama ile. Ni laini, ya staha, mwanamke anaonekana kama ua. Mwanamke wa Sargent ana shingo iliyokazwa na mkono uliosokotwa mezani, hakutazami na hakuhitaji. Nadhani hicho ndicho kilichowachoma watu, na mkanda ukawa tu ndicho kitu walichoweza kukinyooshea kidole.

Basi nikauchora. Nilitumia brashi nyembamba, nikafuata picha ya kamera, nikaulaza mkanda juu ya mkono kwa mkunjo mzuri, kama utepe uliodondoka. Nilijivunia mkunjo ule. Mama alipokuja siku ya pili aliutazama, akatikisa kichwa.

“Huo ni utepe wa zawadi.”

“Kwenye picha umekunjika hivi.”

“Kwenye picha huoni kitu, mwanangu, picha ni ya zamani. Si umesema wa pili una vito? Kitu chenye vito kina uzito. Ngoja.”

Akafungua mkoba, akatoa kipande cha cheni ya mawe ya kioo, ile wanayoishonea kwenye mikanda ya magauni ya harusi. Akamwita binti anayejifunza kwake, aliyekuwa amekuja naye, akambana ncha moja mbele ya kifua kwa pini, nyingine mgongoni, juu ya blauzi. Cheni ikakaa begani. Kisha akaisukuma kwa kidole kimoja.

Haikukunjika. Ilianguka mara moja, kwa uzito wake, ikasimama chini ya bega pale mkono unapoanza kunenepa, ikakaza kama kamba ya ndoo. Mawe mawili matatu yaliyokuwa upande wa mwanga yakawaka, mengine yakazimika. Kulikuwa na kivuli chembamba sana chini yake, na nyama ya mkono ilibonyea kidogo tu, kidogo kabisa, pale cheni iliposhika. Nikachukua picha kwa simu, lakini sikuitumia. Nilimwomba binti asimame dakika kumi, nikachora nikimtazama yeye. Nilikwangua utepe wangu kwa kisu, nikafuta kwa tapentaini, nikaweka miguso sita ya manjano iliyokolea na mitatu ya karibu nyeupe. Niliporudi kwenye picha ya kamera nikiwa na macho mapya, ule mstari mweusi niliodhani ni mkunjo ulikuwa kivuli cha cheni.

Kabla rangi haijakauka nilifanya jaribio moja kwa faida yangu mwenyewe. Nilichukua karatasi ya plastiki angavu, nikachora juu yake mkanda uliosimama kama ulivyo New York, nikaitundika mbele ya turubai ili niweze kuishusha na kuipandisha. Tukakaa mimi na Mama kwenye viti, hatua tano kutoka pale, binti akishusha na kupandisha plastiki. Bega la wima. Bega lililoanguka. Bega la wima.

Mkanda ukiwa juu, mikanda miwili inasimama pande zote za shingo kama fremu, kila kitu kimefungwa, jicho linapanda moja kwa moja usoni na kubaki huko. Mwanamke anakuwa amevaa ngao. Mkanda ukiwa chini, bega la kulia linakuwa mstari mmoja usiokatwa, kutoka nyuma ya sikio, shingoni, begani, mkononi, mpaka kwenye vidole vinavyoshika meza. Jicho linashuka na kupanda njia hiyo. Na katika picha nzima iliyokaza kama uzi wa gita, kuna kitu kimoja tu kilichotembea.

Nasema waziwazi ninavyoamini: Sargent alipourudisha mkanda juu, picha ilipungua. Bado ni kubwa, na yeye alikuwa na haki ya kuirekebisha kazi yake. Lakini nimezichora hali zote mbili kwa mkono wangu, na ile ya kwanza ndiyo ambayo pozi lote lilitungwa kwa ajili yake. Mkono ule wa kulia haujasokotwa bure. Unabeba bega tupu.

Wapo wenzangu watakaosema mnakili hana ruhusa ya kuwa na maoni. Achore kilichopo ukutani New York, basi. Nawaheshimu. Mtu akiniagiza Madame X bila neno la ziada, ndivyo nifanyavyo, mkanda juu, kama mchoraji alivyoiacha. Anayetaka hali ya mwaka 1884 namwambia mambo mawili kabla sijapokea malipo ya kwanza: kwamba bega hilo halitakuwa nakala ya rangi iliyopo mahali, na kwamba nitaliandika hilo nyuma ya turubai. Ninachokipinga ni kile kinachofanyika kimyakimya, mkanda unaangushwa kwa kukisia, unauzwa kama ndio picha halisi ya Sargent, na mnunuzi anaondoka akiamini kwamba kuna mtu aliuona.

Tulisubiri wiki kadhaa rangi ishike. Vanishi ya mwisho sikuipaka. Rangi ya mafuta inakauka juu huku chini ingali laini, nikamwambia aniletee baada ya miezi sita. Fremu alichagua nyeusi, nyembamba, bila dhahabu, na sikubishana naye.

Siku ya kuichukua niliilaza picha kifudifudi juu ya shuka safi, nikaandika nyuma kwa penseli: nakala ya mkono, rangi za mafuta, nusu ya kipimo, kwa kufuata picha ya John Singer Sargent iliyoko Metropolitan Museum, New York. Bega la kulia kwa kufuata picha ya kamera ya hali ya 1884. Rangi na uzito wa mkanda ni makisio ya mafundi wawili.

Mama alisoma taratibu, midomo ikitembea. Kisha akafungua mkoba, akatoa kile kipande cha cheni, akakibana kwa pini kwenye ukingo wa turubai, nyuma, kando ya maandishi.

“Atakayeuliza tumekisiaje,” alisema, “aione.”